Mkebe wa Maharagwe wa Madam Kemunto

Kisa hiki bado kinaniuma. Nilipoanza kufundisha kemia karibu na Kebirigo, nilipinga kila nilichokikuta, hasa mkebe wa Madam Kemunto. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha atomu kwa maharagwe aliyoyachagua shambani kwake Gesima: mekundu yalikuwa protoni, meupe nyutroni, meusi elektroni. Mimi nilikuwa na kompyuta. Asubuhi moja nikampa mpishi wa shule maharagwe yote, kisha nikamwalika Madam aje aone atomu ikijengwa kwenye skrini.

Nikaweka protoni sita na elektroni sita. Kiini kikaanza kutetemeka. Nikaijenga upya, kikatetemeka tena.

“Programu hii ina kasoro,” nikatangaza. “Msiamini kila mnachoonyeshwa.”

Mwanafunzi mmoja, Moraa, akainua mkono. “Mwalimu, hujaweka nyutroni. Yale meupe. Tukuonyeshe kwa mkebe?”

Darasa likaangua kicheko. Madam hakucheka. Aliinuka taratibu, akautoa mkebe kabatini ili anisaidie, akaufungua.

“Mwanangu,” akaniuliza kwa upole, “maharagwe yangu yako wapi?”

Harufu ya githeri ya mahindi na maharagwe kutoka jikoni ilikuwa imeshaingia darasani.