Dawa ya Kutoa Sumu ya Tumbaku

Dada yangu alikuja Tabora mwezi wa tisa akiwa na begi la nguo na mfuko wa nailoni wenye makopo manne. Akija kwangu kutoka Ipole huwa haji mikono mitupu. Huleta michembe ya viazi vitamu, karanga, asali kwenye dumu dogo, na wakati wa mvua huleta uyoga. Safari hii hakuleta chakula chochote. Nilipomtania kwamba siku hizi amekuwa mgeni wa mjini, alinijibu kwamba hakuleta kwa sababu hatutakula.

Alikaa kwenye kochi, akayapanga makopo mezani, mawili upande wake na mawili upande wangu. Yalikuwa na picha ya jani la kijani na maandishi madogo. Akanieleza kwamba kuna mama mmoja alipita kijijini kwao, akaomba nafasi ya kusema baada ya ibada. Mama huyo aliwaambia kwamba kila aliyeshika tumbaku ana sumu yake mwilini, imelala kwenye ini na kwenye mifupa, na ndiyo inayoleta kikohozi, kizunguzungu na miguu kuwaka moto. Dawa hii ya mitishamba inaitoa kwa siku ishirini na moja. Unakunywa kikombe asubuhi kabla ya kitu chochote na kikombe jioni. Katikati unakula matango, papai na mboga za kuchemsha. Ugali, chumvi, mafuta na nyama ni mwiko.

"Tuifanye pamoja," aliniambia. "Sumu yako na yangu ni moja."

Ilikuwa kweli kwa nusu. Mimi na dada tulikulia kwenye tumbaku. Majani yakiwa na umande maji yake yanapenya kwenye ngozi. Unavuna hadi saa nne, kichwa kinaanza kuzunguka, unatapika pale pale kwenye matuta, unafuta mdomo na unaendelea. Mama alikuwa akisema ni njaa. Utomvu uliganda viganjani mweusi kama lami, tukausugua kwa mchanga na majivu. Lakini mimi nilitoka. Nilifaulu darasa la saba, baba akanipeleka sekondari, na sanduku langu la bati lilinunuliwa baada ya masoko ya tumbaku, tumbaku ambayo dada aliivuna, akaifunga kwenye vijiti na kuichochea moto ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia. Yeye ananipita miaka minne. Nilijua tu kwamba hakuendelea na shule. Kwetu ilikuwa inasemwa hivyo, hakuendelea, kana kwamba alikuwa anatembea akaamua kukaa chini.

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari, mjane, binti yangu yuko chuo Dodoma, na nyumba yangu ya kupanga iko Kitete. Nilimwambia dada anipe siku mbili nifikirie.

Sikuwa nafikiri. Nilikuwa natafuta namna ya kukataa bila kumuudhi. Nilimuuliza mwalimu mwenzangu wa baiolojia, akanijibu akiendelea kusahihisha madaftari kwamba ini na figo zinafanya kazi hiyo kila siku bila kopo, na kwamba mtu mwenye presha asicheze na vitu asivyovijua. Dada ana presha. Kesho yake nilipita saluni kusuka, nikayaona makopo yale yale kwenye rafu juu ya kioo, jani lile lile. Nilimuuliza msusi dawa hiyo ni ya nini. Akasema inakata kitambi.

Nilirudi nyumbani na maneno yangu yamekamilika. Nilimkuta dada ameshafagia uwanja, amefua mashuka yangu na kuyaanika, na amekata matango akayafunika kwa sahani. Nilimwambia habari za saluni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba dawa moja inaweza kutibu mambo mawili, hata mwarobaini uko hivyo. Nilimweleza habari za presha. Akasema vidonge vyake atavimeza kama kawaida. Kikaratasi cha dawa kilisema mtu aache dawa zote za hospitali, nami nikamwonyesha mstari huo kwa kidole. Akasema ameusoma, hataufuata.

"Niahidi," nilimwambia.

"Nimekuahidi. Na wewe unywe."

Basi nikakubali. Nilijiambia nimekubali ili nimwangalie kwa karibu. Ukweli ni kwamba niliona haya kumrudisha Ipole na makopo yake manne, maana alikuwa amebeba na yangu. Sisi Wanyamwezi tunasifiwa tangu enzi za misafara kwa kubeba mizigo hadi pwani. Sijawahi kusikia anayemuuliza mpagazi kama alichokibeba kilikuwa chake.

Siku tatu za kwanza nilikunywa. Dawa ilikuwa chungu kama shubiri na baada yake mdomo ulibaki na harufu ya nyasi zilizooza. Nilikimbilia chooni kati ya vipindi. Siku ya tatu, nikifundisha kidato cha pili, ilibidi niketi katikati ya kipindi na kumpa mwanafunzi chaki aandike ubaoni. Siku ya nne, saa ya mapumziko, nilikwenda kwa mama lishe nyuma ya shule nikaagiza wali na samaki wa kukaanga. Nilikula kwa haraka kama mwizi, nikanawa kwa sabuni, nikasukutua. Nilijiambia ni siku hiyo tu.

Tangu siku hiyo nilikula pale kila mchana. Asubuhi nilichukua kikombe changu nikasema nitakinywa nikiwa navaa, nikakimwaga kwenye sinki la bafuni na kulifungulia maji; cha jioni nilikimwaga vivyo hivyo nikienda kuoga. Jioni nilikaa na dada mezani tukala matango. Nilikuwa natafuna polepole, kama mtu mwenye njaa anayejizuia.

Cha kusikitisha ni kwamba jioni zile zilikuwa nzuri. Tangu niende sekondari sikuwahi kukaa na dada yangu zaidi ya siku mbili mfululizo. Alikuwa akija kwa msiba au harusi, au kumpeleka mtu hospitali, kesho yake anawahi basi. Sasa hakuwa na pa kuwahi. Tuliongea Kinyamwezi, nikagundua kuna maneno nimeyasahau. Aliimba nyimbo za kanisani sauti ya pili na kuniachia ya kwanza, kama zamani. Alikuwa akikonda. Kanga ilianza kumzunguka mara mbili, na akisimama alikuwa akishika kwanza ukingo wa meza. Nilimuuliza kuhusu vidonge kila asubuhi. Kila asubuhi aliniambia ameshameza.

Siku ya kumi alinisimulia jambo ambalo sikulijua. Tulikuwa tunamenya papai. Alisema kwamba yeye pia alifaulu darasa la saba, na jina lake lilibandikwa ukutani shuleni. Mwaka ule baba alikuwa ameongeza shamba. Akaenda kwa mwalimu mkuu akamwambia kwamba binti huyu ana kifafa, hawezi kukaa bweni. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Dada hakuambiwa na baba. Aliambiwa na mwalimu mkuu, alipokutana naye njiani akampa pole kwa ugonjwa.

"Ukamuuliza baba?" nilisema.

"Ningemuulizaje? Nilidhani ni kweli. Nilidhani ninaanguka nikiwa nimelala na wao wananificha."

Aliishi hivyo miaka mingi. Hakupanda mti kuchuma embe. Hakuoga mtoni peke yake. Alipopata mtoto wa kwanza alikuwa akimnyonyesha akiwa amekaa chini kabisa, kwenye mkeka, ili akianguka mtoto asiumie. Aliyamaliza hayo akaendelea na papai, akitoa mbegu kwa kijiko na kuzipanga pembeni. Mimi nilikuwa nimeshiba samaki. Nilitaka kumwambia, nikaona wakati huo si wake. Sijui ungekuwa upi.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa napiga pasi nikasikia beseni limeanguka. Nilimkuta mlangoni mwa bafu, amekaa vibaya, mguu mmoja chini ya mwingine, macho yako wazi. Nilimwita, akajibu maneno yasiyoshikika. Jirani aliita bajaji, tukambeba watu watatu, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba mmoja angetosha.

Hospitalini walimpokea haraka. Presha ilikuwa imepanda sana. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alitaka kujua anatumia dawa gani. Nikafungua mkoba wake kutafuta vidonge. Nilivikuta vimefungwa kwenye leso, pakiti tatu, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Nikatoa na kopo. Daktari alilisoma kwa muda, akaniuliza kama na mimi nakunywa, maana kama nakunywa ni vizuri nami nipimwe.

Dada alikuwa kitandani kati yetu, amefumba macho.

"Nilikunywa siku tatu," nilisema.

"Mlianza pamoja?"

"Tulianza pamoja."

Daktari aliandika. Dada alifumbua macho, akamtazama yeye, si mimi. Ulimi ulikuwa bado mzito, ikabidi arudie mara mbili ndipo tukamwelewa. Alikuwa anauliza kama ni kifafa.

Daktari alimwambia hapana, mama, si kifafa, ni presha. Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza hadi nilipoweza kurudi.

Siku ya tatu wodini alikuwa anaweza kukaa na kuongea sawasawa. Nilimletea uji. Alikunywa nusu, akaniwekea kikombe mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alijua tangu siku ya nne. Nilirudi kutoka shuleni nanuka samaki.

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, tungeacha. Tungeacha, ningerudi Ipole."

Hapo nikafanya kosa lingine. Nikamkumbusha ahadi ya vidonge. Nilisema kwa ukali, kama nasema na mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani. Nilimwambia angekufa, nyumbani kwangu, na mimi ningewaambia nini watoto wake. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza habari za saluni, hadi mwisho.

"Mimi sikumeza, wewe hukunywa," alisema. "Basi tumelingana."

Alisema hivyo ili tuache kugombana. Ni tabia yake, husawazisha mambo yasiyo sawa ili watu waendelee na kazi. Hatukulingana. Nilikuwa na kilo zangu zote na mshahara wa mwisho wa mwezi, na yeye alikuwa na sindano mkononi.

Aliruhusiwa siku iliyofuata. Nilimwomba akae kwangu hadi apate nguvu, tule vizuri, nami ningeomba ruhusa shuleni. Akasema asante, lakini wakati wa vitalu vya tumbaku umefika, miche haiwezi kumwagiliwa na watoto peke yao. Nilimsindikiza stendi. Kabla ya kupanda basi alinishukuru kwa kumhudumia hospitalini. Alinishukuru kwa maneno kamili, kama unavyomshukuru mtu baki, akaniita mwalimu. Maisha yetu yote amekuwa akiniita mdogo wangu.

Wiki kadhaa baadaye nilimpigia simu mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, kumuuliza hali. Alisema mama hajambo, anameza vidonge vyake asubuhi na jioni. Kisha akasema kwamba mama alipofika tu kutoka Tabora aliendelea na dawa yake ya kutoa sumu, siku nane zilizobaki, akazimaliza. Walimkataza, hakusikia. Wenzake wa kanisani walionunua dawa hiyo walikuwa wameshaacha zamani.

Nilikwenda Ipole mwezi wa tatu, shule zilipopata mapumziko mafupi. Nilimkuta shambani na wanawe, wanavuna. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na majani yalikuwa yanadondosha maji. Nilimwamkia, shikamoo dada, akaitikia marahaba bila kuinuka. Nilivua viatu nikaingia mstari wa pili kumsaidia. Akaniambia nitachafua nguo. Nilisema si kitu. Tulivuna hivyo kwa muda, yeye mbele, mimi nyuma, akikohoa kikohozi kile kikavu cha wachochea bani.

Nilimuuliza kama dawa ilimsaidia.

"Kifua ni kile kile," alisema.

Akaniuliza habari za shule, na kama binti yangu amefika mwaka wa mwisho. Nikamjibu. Kabla hatujafika mwisho wa mstari kichwa kilianza kunizunguka, nikatoka nikakaa kwenye tuta. Alimwambia mwanawe aniletee maji, naye akahamia mstari wangu akaumalizia.