Mkono wa Kwanza Juu

Kikundi chetu cha kutazama ndege kilikuwa na sheria moja: msituni hakuna kupayuka. Ukisikia ndege, nyoosha mkono, wote tusimame, kisha umtaje kwa sauti ya chini. Kwa miaka minne mkono wa kwanza kila Jumamosi ulikuwa wangu. Mimi ni fundi cherehani. Nimezoea kukaa na kusikiliza.

Halafu akaja yule binti. Familia yao ilihamia Kakese na ng'ombe zao kutoka Usukumani, naye amekua akichunga. Hakuwa na kitabu wala daftari, alikuja na ndala tu. Lakini kabla sijasikia chochote, mkono wake ulikuwa tayari juu. Mwalimu, mama mstaafu aliyeanzisha kikundi, akawa anamwita "sikio langu". Mimi hakuwahi kuniita hata unyoya. Nitasema kweli: nilimchukia, na ndala zake pia nilizichukia.

Iliniuma zaidi kwa sababu Mwalimu alikuwa anahamia Mwanza kwa mwanawe, na alishatangaza kwamba siku ya matembezi yake ya mwisho angemkabidhi mmoja wetu darubini yake pamoja na uongozi wa kikundi. Niliitaka ile darubini kuliko nilivyowahi kutaka cherehani ya umeme.

Siku yenyewe ilifika mvua ya kwanza ikiwa imeshanyesha na miombo ina majani mapya, mekundu. Tulipita mashamba ya mwisho ya Misunkumilo, tukaingia msituni. Hata jua halijakolea, binti alishanyoosha mkono mara sita.

Ndipo nikafanya ujinga niliokuwa nimeupanga tangu Alhamisi. Kuna ndege wa vichakani, mgongo wa kijani, tumbo jekundu, huja na mvua. Mwalimu alimtafuta miaka yote asimpate. Sauti yake nilikuwa nimeipakua kwenye simu. Nilibaki nyuma kidogo, kando ya kichaka, nikabonyeza simu ndani ya mkoba. Nilitaka binti anyooshe mkono, kisha niitoe simu mbele ya watu, wamcheke.

Ililia mara mbili. Binti aligeuka. Hakutazama kichaka, alitazama mkoba wangu. Mkono wake ulibaki chini.

Aliyesimama ghafla ni Mwalimu.

"Nyie, mmesikia?" Sauti ilimtetemeka. "Ni yeye. Ni yeye kabisa! Nani kamsikia kwanza?"

Wote walimtazama binti, kama kawaida yao.

"Muulizeni dada," alisema taratibu. "Yeye ndiye alikuwa karibu."

Alinipa nafasi ya kusema ukweli. Nilinyoosha mkono.

Mwalimu aliandika jina la yule ndege kwenye daftari la kikundi, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Tulipokaa kunywa chai alinivisha darubini shingoni. Binti alipiga makofi kuliko wote.

Imepita miaka mitatu. Kikundi nakiongoza mimi. Binti bado anakuja, bado anasikia kabla yangu, na hajamwambia mtu. Afadhali angenisema. Wivu wangu haukuisha, umehama tu: sasa namwonea wivu kwa sababu hana la kuficha.

Kila mvua zikianza Mwalimu hupiga simu. Safari hii simu yake ilinikuta msituni, binti akiwa ubavuni kwangu.

"Mwanangu, ndege wangu amerudi?"

"Amerudi, Mwalimu."

"Hebu inyanyue simu juu, nami nimsikie."

Niliinyanyua. Msitu ulikuwa kimya. Binti alinitazama, akaweka viganja mdomoni, akalia kama yule ndege, mara mbili.

Mwalimu alicheka kwa furaha hadi akakohoa.

Binti alimwiga vizuri kuliko rekodi yangu. Hata hapo nilimwonea wivu.