Aliyenisaidia kufunga vipimo vya matangi

Leo kazi yangu imekubali, na nimerudi nyumbani Makorora nalia.

Mimi ni fundi umeme. Kiwandani kwetu kuna matangi manne ya maji, na kwa miaka mingi Mzee Titus ndiye anayezunguka kusoma vipimo na kuandika.

Leo nimefunga kihisi cha kupima maji kwenye kila tangi. Nyaya zote zinaingia kwenye kifaa kimoja kinachopeleka namba kwenye kompyuta ya ofisini.

Tangi la tatu likagoma. Sifuri tu!

Nimehangaika mpaka mchana. Mzee Titus ndiye aliyeona.

"Mwanangu, hapa waya mwekundu umeuweka penye mweusi."

Kweli bwana. Nikageuza, namba nne zote zikatokea. Tukagongeana mikono, tunacheka.

Kisha akaniuliza, "Sasa kesho mimi nitasoma wapi?"

Nilidhani bosi ameshamwambia. Kumbe hakuna aliyemwambia.

"Mzee wangu... kompyuta ndiyo itakayosoma."

Machozi yakanitoka mbele yake.

Akanishika bega. "Usilie, mwanangu. Kazi umeifunga vizuri."

Hapo ndipo aliponimaliza. Jamani, nyie mngemjibuje?