Mawe Yetu Chini ya Plasta

Mwenyekiti wa kamati yetu ya jubilii ya kanisa alirudi kutoka hija ya Meksiko na simu iliyojaa picha za kanisa kuu moja la zama za Wahispania, lenye minara miwili na kuta za rangi ya krimu. Kwenye mkutano kila mmoja wetu alipewa ile simu atazame, ashangae.

"Letu linafanana na stoo ya kahawa," alisema kwa uchungu.

Ni kweli, linafanana. Waliolijenga, hapa nje kidogo ya Thika, walikuwa vibarua wa mashamba ya kahawa. Lakini kamati ikakubali kuta za mawe zipigwe plasta, zipakwe krimu, na mlangoni zisimamishwe nguzo mbili zisizobeba chochote. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa historia, nikaambiwa niandike kijitabu cha historia ya kanisa.

Nilikwenda Gitothua kumwona cucu mmoja, bibi mzee aliyekuwa msichana kanisa likijengwa. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikamuuliza kuhusu mapadri waliojenga kanisa.

"Mwalimu, kwani hao mapadri walibeba jiwe gani?" akaniuliza.

Yeye na mama yake ndio waliobeba, kutoka machimboni, mkanda kichwani, baada ya kushinda wakimchumia mzungu kahawa. Siku moja mama yake alipoteza mimba njiani. Jiwe lake likabebwa na mwenzake. Cucu aliinamisha kichwa, nikagusa kibonde kilichoachwa na mkanda juu ya paji la uso.

Niliandika kurasa nne. Mwenyekiti akasoma moja.

"Hii ya mimba itasaidia nani? Watu wanataka kutiwa moyo."

Kijitabu kilipotoka, kilikuwa na kurasa sita za Wahispania, watu ambao hawakukanyaga Thika hata kwa kupotea njia. Picha kubwa ilimwonyesha mwenyekiti akitabasamu Meksiko. Waliojenga letu walipata maneno manne: "kwa msaada wa wenyeji." Msaada! Kana kwamba walikuja kushikilia ngazi tu.

Siku ya jubilii nilimleta cucu. Aliutazama ule ukuta akasimama ghafla.

"Wamelibomoa?"

"La, cucu. Wamelipaka."

Alikuwa bado anaupapasa ukuta, mwenyekiti alipofika na mpiga picha, akitaka kupigwa picha na mkongwe wa parokia.

"Nitapigwa picha pamoja na jiwe langu," cucu akamwambia. "Kwangua hapo kwanza."

Mwenyekiti alicheka, akidhani ni mzaha. Cucu hakucheka. Alinishika mkono tukaondoka kabla ya chakula, na sikuaga mtu.

Wiki iliyofuata nilitoa nakala za kurasa zangu nne katika duka moja la Makongeni, nikampelekea cucu na kumsomea. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua.

"Umesahau kitu," akasema. "Tulikuwa tukiimba. Na hazikuwa nyimbo za kanisa. Tulikuwa tukimtukana nyapara."

Nikatoa kalamu. Akaniimbia ubeti wa kwanza, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniimbia wa pili.