Mkono Uliokataliwa na Saa

Mimi darasani nikiulizwa swali huangalia dawati mpaka mwalimu achoke. Mtu kama huyo atapata wapi ujasiri wa kubuni uongo? Haya yalitokea, tena mchana, jua utosini, kwenye kibanda cha chai cha hooyo, mama yangu, kando ya soko la mifugo hapa Garissa. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo.

Nilikuwa nimevaa saa ya marehemu aabo, baba yangu. Ni saa ya bei rahisi, ya kutia ufunguo: kila asubuhi unazungusha kile kitufe cha ubavuni kwa vidole, ukisahau inalala. Kioo kimechubuka, mkanda nimeushona mwenyewe, na kwa siku inachelewa dakika nne hivi. Lakini aabo hakuacha kitu kingine kilichogusa ngozi yake.

Akaja mzee mgeni, nguo safi kupita kiasi kwa mtu aliyetoka kwenye vumbi la ng'ombe. Na saa aliyovaa, wallahi, hata mimi nilimeza mate. Ubavu unang'aa, na mgongo wake ni wa kioo, unaona magurudumu ndani. Kaka yangu Abdi, dalali wa mbuzi, macho yakamtoka.

"Mzee, hii ni ya ngapi?"

"Ngamia wawili wazuri. Haitiwi ufunguo. Ukitembea nayo, mkono wako ndio unaijaza."

"Sasa mbona imesimama?"

Kweli, ilikuwa imesimama. Mzee akautikisa mkono kama anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Mshale haukusogea. Akaivua, akampa Abdi. Niamini, ilipogusa tu mkono wa Abdi mshale ukaanza kuteleza, laini, si kama wa yangu unaoruka-ruka. Mzee akaivaa tena. Ikafa. Unaelewa? Saa ile ilitaka mkono ulio hai.

Mimi nilielewa. Abdi alielewa bei tu.

"Tubadilishane. Nataka ya huyu msichana," mzee akasema. "Hiyo haichagui mkono. Inataka vidole tu."

"Abaayo, dada yangu, umesikia?" Abdi akaninong'oneza huku akicheka. "Jua limempiga mzee. Vua haraka, kabla akili haijamrudia!"

Nilitaka kusema hapana. Nikaangalia chini, kama ninavyoangalia dawati. Hooyo alikuwa ameenda kuswali. Na unajua Abdi alimwambia nini yule mzee? "Amenyamaza. Msichana akinyamaza amekubali." Neno la nikahi, akalitumia kwa saa ya baba! Kwani mimi nilikuwa bibi harusi?

Wakaingiza mikono chini ya shali, kama madalali wanavyofanya, vidole viseme bei watu wasisikie. Mara Abdi akabadilika uso. Rangi ikamtoka. Lakini mkono hakuutoa! Baadaye alikiri kwamba vidole vile vilikuwa baridi kama nyama ya friji. Alihisi, akajua, akafunga bei. Kisha akanivua saa kwa mkono wake mwenyewe, mimi nimekaa kama gunia.

Mzee akazungusha kitufe, akaiweka sikioni, akatabasamu kama mtoto aliyeshiba. Akashika njia ya mtoni. Mbuzi waliokuwa wamelala njiani wakainuka wote, wakampisha.

Ile ya ngamia wawili Abdi aliivaa mkono wa kulia, mkono uleule wa shali. Ilitembea siku tatu, ya nne ikasimama. Fundi wa saa hakuona ubovu. Akaivaa yeye, ikatembea. Mkono wa Abdi sasa ni baridi hata akishika kikombe cha chai. Sheikh ameusomea, bado. Madalali wenzake hawaingizi tena mkono kwenye shali moja naye. "Sema kwa mdomo, bwana," wanamwambia, na bei ya kusemwa kwa mdomo kila mtu anaisikia. Hooyo ananiambia nisamehe. Namwombea Abdi dua kila swala, na nikimaliza kuomba bado natetemeka kwa hasira.

Wewe unayesoma, kama nawe ni mwoga wa watu, usingoje sauti ikujie. Mwaga chai, ng'ata, kimbia. Na ukimwona mtu ambaye saa imemkataa, usimuulize bei.