Nafasi ya Kumi

Twila Haskett alikuwa na sifa moja mjini Harlow Flat, na sifa hiyo ndiyo iliyokuja kumponza: ukimpa karatasi mkononi, umeshaifikisha ofisi ya shule.

Haikujalisha alikuwa wapi. Watu walimkabidhi fomu za shule kwenye foleni ya petroli, dukani kwa chakula cha mifugo, kanisani kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Ranchi zilikuwa mbali, nyingine mwendo wa saa moja na nusu kwenye barabara ya changarawe, na shule za wilaya ile zilifundisha siku nne tu kwa wiki, kwa hiyo Ijumaa ofisi ilikuwa imefungwa. Mtu aliyeteremka mjini mara moja kwa wiki kununua chumvi ya ng'ombe angeipata wapi saa ya kukaa mbele ya dirisha la karani? Basi alimtafuta Twila. Naye alipokea, akakunja, akatia mkobani, na Jumatatu asubuhi akazigonga mhuri zote kwa mpangilio aliozipokea. Miaka ishirini na sita ya kazi, na hakuna karatasi hata moja iliyopotea.

"Siku ukifa," mumewe Dell alikuwa akimtania, "jeneza lako itabidi tulitoboe tundu, watu waendelee kutumbukiza fomu."

"Watumbukize," alimjibu. "Angalau huko chini hutakuwapo wa kuniuliza chakula kiko wapi."

Aliingia Harlow Flat akiwa bibi arusi wa miaka kumi na tisa. Alianzia jikoni mwa shule, akipakua viazi na maharagwe kwenye sinia za watoto, kisha karani wa zamani akaugua macho na Twila akaitwa ofisini kwa muda wa wiki mbili. Wiki mbili hizo hazikuisha. Watoto wake wawili walikua, wakasoma, wakahamia mji wa Boise kama wanavyohama watoto wa mashariki ya Oregon, na yeye akabaki na watoto wa wenzake. Aliwajua wote mia tatu na thelathini na nne kwa majina, na kwa mambo ambayo majina hayasemi: nani asile karanga, nani asichukuliwe na baba yake bila barua ya mahakama, nani hulala kwa bibi yake kila Jumanne.

Kisha zikaja shule za mtandaoni. Zilikuwa shule za umma kama nyingine, hazikutoza ada, ila mtoto alisomea nyumbani mbele ya kompyuta, na akishajiandikisha huko fedha za serikali zilimfuata. Wilaya ndogo ziliogopa kubaki na madarasa matupu na mabasi yasiyo na abiria. Ndiyo maana sheria ya jimbo iliweka kikomo: watoto wa wilaya waliokwenda huko wakizidi watatu katika kila mia, wilaya ina haki ya kukataa kumwachia mwingine. Kwa Harlow Flat hesabu ilitoka kumi. Hakuna mahali sheria ilipouliza nani ana shida zaidi. Aliyetangulia kugongewa mhuri ndiye aliyetangulia.

Mwaka ule, mwishoni mwa Agosti, nafasi tisa zilikuwa zimeshachukuliwa.

Nerea Arrien alijua hivyo. Alikuwa mke wa Beñat Arrien, mfugaji wa kondoo, mmoja wa Wabaski ambao babu zao walikuja kutoka Hispania kuchunga katika nyanda zile miaka mia iliyopita. Walikuwa na watoto watatu. Mkubwa, Amaia, wa miaka kumi na tatu, alikuwa na kifafa. Kilimjia zaidi akichoka, na basi la shule lilimchukua gizani saa kumi na moja na nusu alfajiri, likamtikisa maili arobaini na nane. Mara mbili kilimkamata humo ndani. Mara ya pili watoto wa viti vya nyuma walimpiga picha kwa simu, na kufikia saa ya chakula cha mchana shule nzima ilikuwa imemwona akitoa povu. Tangu siku hiyo Amaia hakula tena shuleni. Alikuwa akienda maktaba na kukaa kimya mpaka kengele.

Alhamisi ile yalikuwa maonyesho ya mifugo ya kila mwaka. Twila alikuwa amebeba pai mbili za cheri kuzipeleka kwa waamuzi, akipita kati ya mazizi ya kondoo, Nerea alipomkimbilia na bahasha.

"Twila! Ngoja, ngoja, usiniache. Hii hapa. Nimeijaza yote, na barua ya daktari imo."

"Ya Amaia?"

"Ya Amaia. Imebaki moja, sivyo? Niambie imebaki moja."

"Imebaki moja. Tia hapa kwapani, mikono yangu yote ni pai."

Nerea aliisukuma bahasha chini ya kwapa lake, akacheka, macho yake yamejaa machozi. "Ningeipeleka kwa posta, lakini Beñat kaniambia, posta ya nini na Twila yupo? Mpe Twila ulale."

"Ulale basi," Twila alisema. "Na umwambie huyo binti kondoo wake ni mnene kuliko mwamuzi."

Alifika kwenye pikapu yao, akafungua mlango kwa kiwiko, akaitupa bahasha kwenye droo ya dashibodi ili isiangukiwe na maji ya cheri. Mkoba wake ulikuwa nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa tu, hakuna zaidi ya hapo. Jioni Dell alipakia marobota ya nyasi kavu akaenda na pikapu hiyo kwenye malisho ya mlimani, kusaidia ndugu yake kujenga uzio, na hakurudi hadi Jumanne.

Jumatatu asubuhi Twila alikaa mezani, akawasha kompyuta. Barua pepe ya kwanza ilikuwa imetumwa Jumapili jioni na akina Hendershot. Mtoto wao Colter alikuwa akishindana kupanda farasi na kukamata ndama kwa kamba, na wazazi walitaka awe huru kusafiri kwenye mashindano. Fomu ilikuwa kamili. Twila aliichapa, akagonga mhuri, akaandika pembeni: kumi.

Mtu angeuliza alikuwa na nini asubuhi ile, naye mwenyewe alijiuliza mara nyingi baadaye. Hakuwa na kitu. Simu zililia, dereva wa basi mmoja aliugua, mzazi mgeni alikuja bila cheti cha chanjo. Mkono ulikuwa umezoea kuchukua karatasi kutoka mkobani, na mkobani siku hiyo hamkuwa na karatasi.

Jumanne saa nane Dell alipita ofisini kumwachia funguo. "Kuna bahasha ndani ya droo," alisema. "Nilitaka kuifutia mafuta, nikaona ina jina lako, nikasema hapana, huyu atanizika kwenye hayo marobota."

Twila alitabasamu nusu, kisha tabasamu likamkaukia. Alitoka nje hadi kwenye pikapu, akafungua droo, akaketi pale kiti cha mbele na bahasha mapajani. Alijua la kufanya. Alitakiwa aingie kwa mkurugenzi wa shule, Wendell Stroud, aseme: hii nilipewa Alhamisi, kabla ya ile ya Hendershot, kosa ni langu. Maneno yasiyofika kumi na tano. Aliyapanga midomoni akivuka kiwanja.

Lakini Stroud alimkuta mlangoni, barua ya Hendershot mkononi, uso umechangamka.

"Twila, nimewapigia simu akina Hendershot, wamefurahi sana. Kwa hiyo tumefunga, siyo? Hakuna iliyotangulia hii? Sitaki mtu aje kunisumbua na rufaa. Kupokea ni ofisini tu, unajua kanuni. Najua wewe hupokei njiani, ila waulize na wenzako."

Hapo ndipo. Twila aliiona nafasi ile ya kusema ikifunguka mbele yake kama lango, na akaona pia miaka ishirini na sita ya bahasha za kwenye foleni ya petroli, kila moja ikiwa kinyume cha kanuni, na huyu bwana aliyehamia miaka mitatu tu iliyopita asiyejua lolote.

"Hakuna," alisema.

Akaigonga fomu ya Amaia mhuri wa Jumanne. Siku tisa baadaye akaandika mwenyewe barua ya kukataa, kwa kuwa barua zote za kukataa aliandika yeye. *Tunasikitika kukujulisha kwamba kikomo kimeshafikiwa.* Chini ya barua kulikuwa na aya kuhusu haki ya kukata rufaa jimboni, na muda wake.

Alingoja Nerea aje kumfokea. Alimngoja dirishani, alimngoja dukani, kila simu ilipolia alijiambia ni yeye. Lau angekuja, angesema: nilikupa kwa mkono wangu, na Twila angelazimika kukubali. Muda wa rufaa ulipita. Nerea hakuja, wala hakukata rufaa. Walipokutana kanisani alimpa mkono kama kawaida, mkono wa baridi kidogo, akaulizia goti la Dell.

Novemba, asubuhi ya barafu, kifafa kilimshika Amaia ndani ya basi akiwa amesimama. Aligonga paji la uso kwenye chuma cha kiti. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Safari hii hakuna aliyepiga picha, watoto waliogopa damu. Twila ndiye aliyejaza taarifa ya ajali, maana hiyo nayo ilikuwa kazi yake, na alipofika penye pengo la *chanzo* aliandika: kifafa.

Baada ya Krismasi habari ilienea: Nerea na watoto wote watatu wanahamia mji mmoja kando ya mto Snake, mwendo wa saa tatu, shule ikiwa hatua chache kutoka nyumbani na muuguzi yupo. Beñat atabaki na kondoo. Kondoo hawahamishiki.

Twila alikwenda kwa Stroud siku hiyohiyo. Alimwambia yote akiwa amesimama. Stroud alivua miwani.

"Kwa nini unaniambia Januari?"

"Kwa sababu Agosti sikusema."

"Twila, Hendershot anasoma huko muhula wa pili sasa. Siwezi kumrudisha. Rufaa imefungwa. Unataka nifanye nini na hiki unachoniletea?"

"Sijui, bwana Stroud."

Stroud alitazama dirishani, akahesabu kimoyomoyo. Alikuwa mtu wa hesabu. "Watatu wa Arrien wakiondoka tunabaki mia tatu thelathini na moja. Watatu katika kila mia ya hao hawafiki hata kumi. Mwakani nafasi zitakuwa tisa." Alisema taratibu, bila kumlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tuliwazuia wasitutoke."

Jumamosi Twila alikwenda ranchini kwa akina Arrien. Lori lilikuwa mlangoni, milango ya lori na ya nyumba wazi, na theluji nyembamba imeingia hadi ukumbini. Amaia alikuwa akifunga vikombe kwa magazeti. Kovu lilikuwa bado jekundu juu ya nyusi. Alimsalimia kwa adabu akaingia jikoni.

"Nimekuja kukwambia jambo," Twila alimwambia Nerea, aliyebaki ukumbini.

"Najua," Nerea alisema.

"Hujui. Ile bahasha—"

"Niliitia mwenyewe chini ya kwapa lako, Twila. Barua ilipokuja na nakala ya fomu, niliona tarehe ya mhuri. Jumanne. Sijui kuhesabu siku, mimi?"

Twila alikosa pa kuweka mikono. "Basi kwa nini hukuja? Ungesema tu. Ungekata rufaa, wangeniuliza, ningesema."

"Ungesema?"

Twila aliokota kipande cha gazeti sakafuni, akakikunja.

"Nilikwenda hadi kwenye maegesho yenu," Nerea alisema. "Mara mbili. Nikakuona dirishani. Mama yake Beñat alipokufa wewe ulitupikia wiki nzima. Nilijiuliza, nitaingia mle nimwite Twila mwongo mbele ya huyo mgeni wao? Nikasema, hapana, atasema mwenyewe. Mpe siku. Nikakupa siku." Alipumua. "Nilikuwa nakuonea haya wewe badala ya kumwonea huruma mtoto wangu. Hilo langu, silitupi kwako. Lako ubaki nalo."

"Nisamehe, Nerea."

Nerea alilitazama lori, kisha kabati la mbao nzito lililobaki peke yake katikati ya ukumbi, droo zake zimefungwa kwa kamba. Beñat alikuwa mbali akichunga kondoo, na giza lingeingia mapema.

"Shika upande huo," alisema. "Si hapo, utaumia. Chini kabisa."

Twila aliinama akashika. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Wakaliinua pamoja, yeye akitembea kinyumenyume kwenye theluji, Nerea akimwelekeza kulia, kushoto, ngazi hiyo, na hawakuzungumza lingine.