Unga Mweupe Kitandani Kwangu

Makosa ni yangu, wacha niseme mapema. Shetani simsingizii, maana mdomo ulikuwa wangu.

Nilienda Jidda, Saudia, kufanya kazi za nyumbani, miaka ile ajenti walikuwa wanatubeba wengi wengi. Nikaangukia nyumba moja ya Al-Nuzha, kuukuu kushinda zote mtaani. Kuta zimeliwa na chumvi, rangi inabanduka, milango haifungi sawasawa. Bosi, tuliyemwita baba, aliirithi kwa babake na hakutaka iguswe; mkewe tulimwita madam.

Nililala chumba kimoja na Mwanasha, dada wa Kwale aliyenitangulia hapo. Mpole, mtu wa swala tano. Na mimi mtu wa bara, nimekua nikisikia watu wa pwani wana uchawi. Si mnajua vile tunaongea!

Sasa kila asubuhi napata unga mweupe kitandani kwangu. Kwake hakuna! Nakung'uta, kesho uko tena. Woi! Nikiumwa kichwa, ni Mwanasha. Madam akinifokea, ni Mwanasha. Chai akinipikia namwaga kwa sinki.

Siku moja akaniambia, "Dada, sogeza kitanda uje huku kwangu tubanane. Nyumba hii imechoka."

Eti tubanane! Nikajua sasa anataka kunimaliza.

Nikampelekea madam ule unga kwenye tishu, nikamwambia Mwanasha ananifanyia sihiri. Nilijua kule hilo si neno la mchezo, mtu anaweza kufungwa. Na bado nikalisema! Baba akapekua begi lake, akapata hirizi aliyofungwa na nyanyake utotoni. "Walahi, ni ya utoto tu!" Mwanasha analia. Baba akasema halas, yaani basi, imetosha. Polisi hawakuitwa, lakini alirudishwa Kenya hata bila kuniaga.

Unga haukuisha. Nikadhani ameniachia dawa. Halafu mchana mmoja niko jikoni nikasikia kishindo. Kukimbia chumbani, kipande kizima cha dari kiko juu ya kitanda changu! Kumbe plasta ya zamani ilikuwa inamomonyoka pole pole, upande wangu peke yake.

Nililia, Mungu wangu. Madam akasema tu, "Yalla, fagia." Nikafagia. Sikumwambia ukweli, niliogopa nitafukuzwa na mimi.

Niliporudi Kenya nikatafuta namba ya Mwanasha. Ajenti alikuwa amemweleza mamake kwa nini amerudishwa, na kijiji kizima kikajua. Mchumba alishajitoa. Hakunitukana. Alisema, "Njoo Kwale uwaambie mwenyewe. Mimi hawaniamini."

Nimeahidi mara ngapi! Nafika stesheni ya basi, aibu inanishika, narudi nyumbani. Usingizi sina.

Dada zangu mnaoenda huko, mkipewa chumba kwenye nyumba kuukuu, tazameni dari kabla hamjamshuku mwenzenu. Na ukiwa na shaka, muulize yeye kwanza, usikimbilie kwa madam. Mimi sikuuliza, na mpaka leo Mwanasha akipita, kina mama wa kwao wanawaingiza watoto ndani.